Vidole vya Zambarau

Shuleni walimwita Chokochoko, nyumbani walimwita Chokochoko, na hata siku ambazo hakuwa amefanya lolote watu walimwita hivyo kwa kumwekea akiba. Alikuwa na miaka kumi, darasa la nne, mwenye makovu magotini na rangi kwenye kucha. Rangi aliitoa kwa baba yake. Baba alikuwa mchora mabango, na karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, kinachotazamana na geti la shule. Watu walikuja pale kuandikiwa KINYOZI, DUKA LA DAWA, NYUMBA HII HAIUZWI, na mara moja mzee mmoja aliandikiwa USIKOJOE HAPA WEWE UNAJIJUA. Makopo yalijaa mpaka chini ya meza, brashi zililala kwenye chupa ya tapentaini, na Chokochoko alizijua zote kama watoto wengine wanavyowajua kuku wao.

Baba alimfundisha mapema. Shika brashi kama umeshika kifaranga, toa pumzi, vuta mstari mara moja. "Mstari haurudiwi," alikuwa akimwambia. "Ukiurudia, mteja anajua uliogopa."

Na kweli hakuonekana mtoto wa kuogopa. Alipanda ukuta wa shule wenye vipande vya chupa. Alimshika mjusi mkia, mkia ukabaki mkononi, akauweka kwenye daftari la mwenzake. Siku moja alimwambia mwalimu mkuu kwamba suruali yake imefumuka nyuma, jambo ambalo walimu tisa walikuwa wameliona tangu asubuhi na kulinyamazia. Lakini kila mtu ana mlango wake wa uani, na wa Chokochoko ulikuwa sindano. Akiwa na miaka mitano alikanyaga msumari karakanani, akapelekwa kuchomwa sindano ya pepopunda, na ikabidi watu wazima wanne wamshike. Mmoja wao alirudi nyumbani shati halina vifungo. Tangu hapo aliomba Mungu amjalie afya njema, si kwa uchaji, bali kwa hesabu.

Kwa hiyo mwalimu mkuu aliposimama mbele ya shule nzima na kutangaza kwamba nesi atakuja Jumatatu na Jumanne kuchanja homa ya uti wa mgongo, kuanzia mtoto wa mwaka mmoja mpaka mtu mzima wa miaka ishirini na tisa, Chokochoko alipiga makofi kuliko wote. Hiyo ndiyo ilikuwa dalili kwamba amekwisha.

Jumatatu nesi akaja. Alikuwa mama mfupi, mpana, mwenye ndala na sauti ya polepole, amebeba kasha la barafu la bluu begani kama fundi bomba anavyobeba sanduku lake. Wakamsogezea madawati katika darasa la saba, akatandika kitambaa cheupe, akapanga pamba, bomba za sindano na boksi la kutupia zilizotumika. Kila mtoto akichomwa, nesi alimshika mkono wa kushoto na kumpaka kidole kidogo wino wa zambarau usiotoka, ili asije akachanjwa mara mbili. Mlangoni aliwekwa mwalimu wa michezo kusimamia foleni. Mwenye alama alipita zake, asiye na alama aliingia ndani.

Mwalimu wa michezo alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, kifua mbele, filimbi shingoni. "Sindano ni kitu gani?" aliwauliza watoto waliokuwa wakinyong'onyea kwenye foleni. "Mimi nilivunjika mguu, nikatembea nao kilomita tatu. Jipeni moyo."

Chokochoko hakuwa na haja ya moyo. Alikuwa ameutazama mkono wa msichana mmoja wa darasa la saba aliyetoka akijipuliza bega, akaona kile kidole, na kichwa chake kikaanza kufanya kazi. Zambarau. Nyekundu na bluu, na tone la nyeusi ili isimete. Wakati wa mapumziko alivuka barabara, akapita nyuma ya mgongo wa baba yake aliyekuwa ameinamia herufi ya G, akachanganya rangi kwenye kifuniko cha soda, akachukua brashi ya namba mbili na kurudi shuleni kabla baba hajamaliza mkia wa ile G.

Alijipaka mwenyewe kwanza, ndani ya stoo ya vifaa vya michezo, juu ya gunia la mipira iliyoisha upepo. Toa pumzi, vuta mara moja. Alama ikakaa kwenye ukucha kama imezaliwa nao.

Nia yake ilikuwa kuishia hapo. Lakini rafiki yake aliyeitwa Mapengo alimfuata nyuma, akaona, na Mapengo hakuwa mtu wa kubeba neno. Neno lilimtoka kwenye pengo. Kufumba na kufumbua stoo ilikuwa na foleni kuliko ya nesi. Chokochoko hakumtoza mtu kitu. Aliwapaka kwa raha ya kazi tu, mmoja baada ya mwingine, akiwakaripia wanaotikisika. Katikati ya wote akaja Bonge, mdogo wake wa miaka mitano wa darasa la awali, macho yamejaa maji.

"Na mimi," akasema.

"Wewe nenda kwa nesi. Ninyi wadogo anawapa peremende."

"Na mimi," akasema Bonge, na mdomo wa chini ukaanza kutoka nje. Chokochoko aliujua mdomo ule. Ukifika mwisho wa safari yake, sauti inayofuata husikika barabara ya pili. Akampaka haraka, akamsukuma nje.

Alikuwa amefikisha wateja kumi na wanane, pamoja na Bonge, mlango ulipofunguliwa na mwanga ukaingia pamoja na filimbi.

"Wote nje," akasema mwalimu wa michezo.

Waliruka kama panzi. Chokochoko alibaki na brashi mkononi, hana pa kuificha. Mwalimu alifunga mlango. Akatazama kifuniko cha soda, akatazama brashi, akaketi juu ya gunia la mipira, na gunia likatoa pumzi. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto.

"Upesi," akasema. "Kengele inakaribia."

"Mwalimu?"

"Kidole hiki hapa. Usiniulize maswali."

"Lakini Mwalimu, wewe si mkubwa?"

"Wamesema mpaka ishirini na tisa." Alilisema kama mtu aliyeifanya ile hesabu mara nyingi akitarajia jibu jingine. "Mwalimu mkuu anataka walimu tulio ndani ya umri huo tuonyeshe alama kabla ya kwenda nyumbani."

Chokochoko alichovya brashi.

"Mwalimu, usitikisike," akamwambia. "Mstari haurudiwi."

Mwalimu alifumba macho. Akapakwa, akapuliza ukucha wake, akasimama, akavuta kifua chake mbele na kukirudisha mahali pake. "Hili ni letu wawili," akasema. Dakika moja baadaye sauti yake ilisikika mlangoni kwa nesi ikiwaambia watoto wajipe moyo.

Siku ile Chokochoko alitembea kama mtu aliyeshinda uchaguzi. Alivuka barabara kurudi nyumbani akamkuta Bibi uani, mama mzaa baba, amekaa kwenye kigoda anachambua maharage. Bibi hakuwa anasikia. Si kwamba masikio yalikuwa mazito kwa uzee. Hakuwa anasikia kabisa, tangu utotoni. Alisoma midomo. Watu wa mtaani walizoea kusema mambo yao mbele yake wakidhani wanazungumza mbele ya ukuta, na kwa hiyo Bibi alijua nani anamdai nani, nani amemwacha nani, na nani anajifanya anaumwa mgongo. Shida yake ilikuwa moja: hakuweza kupima sauti yake mwenyewe. Mnong'ono wa Bibi ulivuka nyumba mbili.

Bonge alikuwa ameketi miguuni pake. Bibi alimshika mkono, akauinua ule ukucha mpaka puani, akanusa.

"Kidole hiki nani kakipaka?" akauliza, kwa kile alichodhani ni mnong'ono.

"Nesi," akasema Chokochoko, akitazama dirisha la karakana. Baba alikuwa ndani. Kwa bahati redio ilikuwa inatangaza mpira.

"Nesi ananuka tapentaini?"

Chokochoko alificha mkono wake mgongoni.

"Lete na chako." Bibi akanusa na cha pili. Hakugomba. Aliurudisha ule mkono polepole kama anarudisha kitu cha mtu, akavuta ungo karibu. Midomo yake ilikuwa na ucheshi siku zote, na hata sasa haukuisha wote.

"Wajua mimi nilikuwa nasikia?" akasema. "Mpaka miaka saba. Nilisikia mpaka paka akitembea. Siku moja kichwa kikaniuma asubuhi, jioni shingo ikakataa kuinama. Siku nne sizijui kabisa, mpaka leo. Ya tano naamka, namwona mama anafungua mdomo na kuufunga. Nikadhani ananitania. Nikacheka. Yeye akalia. Nikatazama dirishani, jogoo wetu kasimama ananyoosha shingo, kafungua mdomo, kimya. Nikamwambia mama, jogoo huyu amekuwa mwizi, anawika kwa siri."

Bonge alicheka. Chokochoko naye alitaka kucheka, lakini aliona Bibi ameacha kuchambua.

"Dada yangu hakuamka," akasema Bibi. "Tulilala mkeka mmoja. Alikuwa na miaka kumi."

"Sikujua una dada, Bibi."

"Nilikuwa naye." Akachukua jiwe dogo kwenye maharage, akalitupa mbali. "Zama hizo hapakuwa na mtu wa kuja na kasha la barafu mpaka mlangoni. Angekuja, mama angetubeba wote wawili mgongoni, mbio." Kisha akawatazama watoto mmoja baada ya mwingine, akarudi kwenye ungo wake. "Haya. Leo mimi sijaona kitu. Macho ya kizee. Kesho jioni nitakuwa nimeona."

Chokochoko alimvuta Bonge nyuma ya nyumba. Alijaribu mafuta ya taa. Alijaribu limau, majivu, mchanga, na kipande cha tofali. Rangi ya baba yake ilitengenezwa kuvumilia mvua na jua miaka mitano, na ilikuwa haijamaliza hata siku moja.

"Kidole changu kinaisha," akasema Bonge.

Usiku ule, kila akilala, aliinamisha kidevu kifuani kuona kama shingo bado inakubali. Akaenda kumwinamisha na Bonge aliyekuwa usingizini. Asubuhi aliamka shingo inauma kweli, akaganda kitandani kwa hofu, mpaka alipokumbuka kwamba ameiinamisha mara zaidi ya arobaini.

Alimkuta nesi peke yake darasani, anakunywa chai kwenye kifuniko cha chupa yake ya chai, ndala kavua, miguu kaiweka juu ya dawati. Chokochoko alisimama wima.

"Nesi, kuna watoto walipakwa wino bila kuchomwa."

"Najua," akasema nesi, na kunywa chai.

Chokochoko hakuwa amejiandaa kwa jibu hilo.

"Chupa zangu za chanjo zinasema watoto mia moja tisini. Walimu wa madarasa wamehesabu vidole, vidole vinasema mia mbili na tisa. Ama nimechoma watoto kumi na tisa kwa macho, ama nina mwenzangu hapa shuleni." Nesi aliweka kifuniko chini. "Basi leo asubuhi nikasimama getini nawatazama mikono wakiingia. Alama zangu zimepakwa na mtu aliyechoka, miguu imemvimba. Zimemwagika huku na huku. Lakini kuna nyingine zimenyooka, zina kona nne, hakuna hata moja iliyovuka ukucha. Nikasema moyoni, huyu anajivunia kazi yake."

Chokochoko alijaribu kubana midomo, ikamshinda. "Ile ya Mapengo niliikosea kidogo upande," akasema. "Alitikisika."

Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Nesi alimsogezea kalamu na karatasi, na Chokochoko akaandika majina yote, la Bonge likiwa la mwisho, kwa herufi nzuri za bango. Mwalimu wa michezo hakumwandika. Hakuwa mtoto, na alikuwa amempa neno lake.

Nesi alihesabu kwa ncha ya kidole. "Kumi na nane."

"Ndiyo."

"Mimi nimepungukiwa na kumi na tisa."

"Mimi nilikuwa fundi tu," akasema Chokochoko.

"Na fundi hana kidole?"

Chokochoko alitazama dirisha, lakini lilikuwa na nondo. Nesi alikuwa ameshafungua kasha, mvuke wa baridi ukatoka kidogo, naye akawa anazungumza polepole huku mikono ikienda haraka. Vijidudu hivi, alisema, hukaa kooni mwa watu bila kuwafanya kitu, watu wanacheka, wanakohoa, wanagawana kikombe. Kisha siku moja vinapata njia mpaka kwenye utando wa ubongo, na hapo ni mbio za saa, si za siku. "Sindano hii inautambulisha mwili sura ya mwizi kabla hajaingia," akasema. "Tazama ubao. Soma kilichoandikwa."

Chokochoko alisoma: *Mito Mikubwa ya Dunia na Vyan*, na hapo ikaingia. Haikuwa kweli kwamba haiumi. Iliuma kama siafu mmoja mwenye hasira. Na sauti iliyomtoka hakuwahi kujua kwamba anayo. Ilikuwa ya mbuzi, mbuzi mdogo aliyekanyagwa.

"Nesi," akasema Chokochoko, "ile sauti."

"Siri za wagonjwa huwa sizitoi," akasema nesi, akimbandika pamba. "Sasa nisikilize. Mwalimu mkuu alitaka kuleta fimbo. Nimemwambia fimbo ikiingia mlango huu, mimi na kasha langu tunatoka. Mtoto akichapwa leo kwa sababu ya sindano, kesho ataficha hata kidonda. Lakini gari langu linakuja saa sita. Niletee watu wako."

"Hawatakuja."

"Uliwapeleka stoo bila tarumbeta. Walete na huku."

Ilikuwa saa tatu. Chokochoko alianza na maneno matamu, hayakufika mbali. Alipoanza kusema kwamba haiumi, kila mtu alijua anadanganya, kwa sababu hakuwa na kawaida ya kubembeleza. Aliwaeleza habari za Bibi. Walitazama chini, lakini hakuna aliyeinua mguu. Mmoja aliyeitwa Kiroboto alijifungia chooni na kusema atatoka akimaliza darasa la saba. Mapengo alificha mkono ndani ya shati, akasimama kama mtu aliyezaliwa na mkono mmoja, na ndiye aliyesema kwa niaba ya wote.

"Mwalimu wa michezo akichomwa mbele yetu, tutaenda."

"Mwalimu ameshachomwa," akasema Chokochoko. "Ana alama."

Mapengo alitabasamu, na pengo likaonekana lote. "Mlango wa stoo una tundu," akasema.

Chokochoko alielewa kwamba ile siri ya watu wawili ilikuwa tayari ya watu ishirini.

Alimkuta mwalimu uwanjani anajaza mpira upepo.

"Mwalimu, kuna wanafunzi wanaogopa. Wanaomba uwaonyeshe mfano."

"Ningependa sana," akasema mwalimu, na kuinua kidole. "Tatizo mimi nimeshachomwa. Mara mbili ni hatari."

"Mwalimu, hiyo kazi ni yangu. Naijua."

Pampu iliacha kulia.

"Na Mapengo alichungulia."

Mwalimu aliketi juu ya mpira. Haukuwa umejaa vizuri, ukashuka naye. "Wangapi wanajua?"

"Wote."

Alitazama uwanja kwa muda, kama mtu anayetafuta goli. "Nilipokuwa mdogo," akaanza, kisha akaiacha habari yenyewe hapo hapo. "Inauma?"

"Siafu mmoja. Halafu anaondoka."

"Wewe umechomwa? Ulilia?"

Chokochoko angeweza kusema hapana na hakuna ambaye angejua. Nesi alikuwa ameshaapa. Jina lake lote shuleni lilisimama juu ya mguu huo mmoja.

"Nililia kama mbuzi," akasema.

Mwalimu alimtazama kwa makini, akaona hatanii.

"Filimbi yako inasikika mpaka sokoni, Mwalimu," akaendelea Chokochoko. "Bibi yangu anakaa mkabala na geti. Hajawahi kuisikia hata mara moja. Alipata ugonjwa huu huu."

Mwalimu aliishika filimbi yake kifuani, akaizungusha mara mbili. Kisha akasimama, akapangusa suruali, akatangulia. Hakuvuta kifua mbele. Alitembea tu.

Habari ilifika kabla yao. Watoto kumi na saba walikuwa wamejazana mlangoni na madirishani, Kiroboto akiwa mbele kabisa, amesahau kwamba anaishi chooni. Bonge alikuwa amepenya katikati ya miguu ya wakubwa. Nesi alimpokea mwalimu, akamshika mkono wa kushoto, akautazama ule ukucha wenye kona nne. Nyusi zake zilipanda, zikakaa juu kidogo, zikashuka.

"Mwalimu amekuja kuwaonyesha mfano," akawaambia watoto. "Tumshukuru."

"Asante Mwalimu," wakaitikia kwa pamoja, kwa heshima yenye ukora mwingi ndani yake.

Mwalimu alikunja mkono wa fulana mpaka begani. Sindano ikaingia, sindano ikatoka. Hakutoa sauti. Hakutikisika. Nesi akabandika pamba, akageuka kutupa bomba kwenye boksi lake. Mwalimu akawageukia watoto, na tabasamu likaanza kumrudia usoni, kwanza upande mmoja.

"Mmeona?" akasema. "Hakuna ki..."

Akashuka. Hakuanguka kwa kishindo. Alishuka taratibu, kama shuka linaloteleza kwenye kamba, magoti kwanza, kisha kiuno, kisha akawa amelala sakafuni darasa la saba, mdomo wazi, filimbi juu ya kidevu.

Chokochoko aliona mambo yote yameharibika. Alikuwa ameleta mfano, na mfano ndio ule, sakafuni. Nesi alimpita kwa ndala zake bila haraka, akamwinulia miguu juu ya dawati, akampima mapigo. "Ni woga tu, si chanjo," akasema. "Huwatokea warefu zaidi. Wana mbali pa kuangukia." Mwalimu alifungua macho, akauliza kama mechi imekwisha, akaambiwa alale tu.

Mapengo alimtazama mwalimu pale chini. Akatazama kiti kilichokuwa wazi. Na polepole kitu kikaanza kuonekana usoni mwake, na Chokochoko akakitambua, kwa sababu angekuwa yeye angewaza vilevile. Mtu akisimama mahali ambapo mwalimu wa michezo alianguka, atakuwa na la kusimulia mpaka anazeeka.

"Mimi nafuata," akasema Mapengo, akautoa mkono ndani ya shati.

"Mimi ndiye nafuata, nilikuwa mbele yako," akasema Kiroboto.

Wakaanza kusukumana. Nesi aliwapanga kwa sauti yake ya polepole, na wakachomwa mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akiwa amekaza uso kama askari wa gwaride, akitembea baadaye kwa hatua za makusudi kando ya mwalimu ili aonekane amesimama. Wawili walilia. Wakasema ni harufu ya spiriti. Bonge alikataa kukaa kwenye kiti. Alitaka achomwe akiwa amesimama mahali ambapo anamwona mwalimu vizuri. Alichomwa akiwa anauliza, "Amekufa?" na mwalimu akamjibu kutoka chini, "Bado." Jibu lilimfurahisha mno hata akasahau kulia, akakumbuka baada ya kama dakika moja, akalia kidogo kwa kutimiza.

Saa sita kasoro nesi alifunga kasha. Hesabu zake zililingana, chupa na vidole. Alimwita Chokochoko pembeni, akamtazama kwa namna ya mtu anayepima kitambaa.

"Ukimaliza shule," akasema, "njoo uniombe kazi. Ila ule wino nitauficha."

Mwalimu wa michezo alikuwa ameketi sasa, anakunywa maji yenye sukari. Watoto walidhani watamcheka wiki nzima, na kweli walijaribu siku mbili tatu. Lakini kila walipoanza, yeye mwenyewe aliisimulia vizuri zaidi, na kuonyesha jinsi alivyoshuka, mpaka wakakosa cha kuongeza.

Baba alikuja kujua siku ya tatu, Bibi alipomnong'oneza, na kwa hiyo walijua pia fundi baiskeli wa jirani na wateja wake wawili. Chokochoko alipewa brashi zote za karakana aoshe kila jioni kwa mwezi mzima. Mama, aliyekuwa akitoka alfajiri kwenda kuoka mikate na kurudi amechoka, aliongeza vyombo juu yake. Ila kabla ya kutoa hukumu, baba alimwita Bonge, akamshika kidole, akafumba jicho moja kama anavyofanya akikagua bango la mteja.

"Unazidisha rangi mwishoni," akamwambia Chokochoko, na hilo likawa la mwisho alilosema juu ya jambo lile.

Lakini hiyo ilikuwa siku ya tatu. Mchana ule wa Jumanne Chokochoko na Bonge walitoka wawili getini, jua likiwa kichwani, na Bonge akasimama ghafla katikati ya njia, mkono ameuning'iniza kama bawa lililovunjika.

"Siwezi kutembea," akasema.

"Umechomwa begani, si mguuni."

"Maumivu yameshuka."

Chokochoko alimtazama. Bega lake mwenyewe lilikuwa linavuta, na shingo ilikuwa bado na ule uchovu wa jana. Aliinama, Bonge akapanda mgongoni. Alikuwa mzito kama kopo la lita ishirini. Walivuka barabara hivyo, yeye akihema, Bonge akimwelekeza njia ambayo wote wawili waliiona. Kwenye kioo cha duka la jirani Chokochoko aliona taswira yao wakipita. Mkono ule mbovu wa Bonge ulikuwa juu hewani, unawapungia watu wote waliokaa barazani, unazunguka kwa nguvu zake zote, hauna shida yoyote duniani.

Chokochoko akampandisha juu kidogo mgongoni, akaendelea kumbeba.